Kushuka ziwani: utulivu wa watu wa Bukavu wakati wa magonjwa

Tunapoongea juu ya mila za kwetu, mara mingi tunaanza na ngoma, ndoa, mahari ya ng'ombe na kasiksi. Leo tunataka kuongea juu ya desturi moja ambayo haina ngoma wala sherehe, na ambayo wengi hawaiiti hata mila: kushuka ziwani jioni, kuketi, kuangalia maji, na kurudi nyumbani moyo umepoa. Corona ndiyo ilitufanya tuione vizuri desturi hii. Wakati ule tuliihitaji sana, na tukakuta njia za kufika kwa maji zimebaki kidogo.

Bukavu imejengwa juu ya milima na juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Mtu akisimama juu Kadutu anaona maji. Lakini kuona si kufika, na historia ya mji wetu iko ndani ya tofauti hii.

Kabla ya mji, Bashi hawakuwa na vijiji vya kubanana. Kila jamaa ilikaa kwenye kilima chake, katikati ya migomba yake, nyumba mbali na nyumba. Umbali ule ambao watu wa afya walikuja kutuomba mwaka 2020 kwa kupima metre moja, bibi zetu walikuwa nao kwa migomba. Hatusemi kwamba magonjwa hayakuwaua. Ndui ilipita hapa kama ilivyopita kwingine. Tunasema tu kwamba mtu wa wakati ule, akiwa na huzuni, alikuwa na mahali pa kuipeleka: nyuma ya nyumba, chini ya migomba, au mtoni. Kwa mashi amani inaitwa omurhula, na neno lile linatosha kwa amani ya nchi na pia kwa ile ya moyo.

Kisha wazungu wakaja na wakapenda mahali palepale. Mwaka 1927 mji uliitwa Costermansville, na mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu iliyogawia wakoloni mashamba. Kivu ilisifiwa huko Ubelgiji kwa hewa yake ya baridi, milima na ziwa. Walisema mzungu anaweza kuishi hapa bila kuteswa na joto. Rasi, pale ambapo upepo wa ziwa unafika kwanza, zikawa za wazungu. Waafrika wakapewa Kadutu, juu ya kilima, na baadaye Bagira, ambako nyumba nyingi zilijengwa miaka ya 1950. Katika Kongo nzima madaktari wa wakati ule walitoa sababu ya afya: Mwafrika akae mbali ili asimwambukize mzungu malaria na magonjwa mengine. Tukifundisha somo hili darasani, kila mwaka kuko mwanafunzi anayeuliza: na nani alimwambukiza Mwafrika? Ni swali zuri, na tunaliacha lifanye kazi yake.

Kwa hiyo utulivu wa ziwa ulikuwa kitu cha kugawanywa, kama parsele. Baada ya uhuru wa 1960 mambo yalifunguka kidogo. Watoto wa Kadutu walishuka kuoga, wamama walishuka kufua, siku ya mungu familia zilitembea mpaka kwenye maji. Ziwa Kivu halina mamba, na hii inasaidia.

Lakini tusilisifu ziwa kupita kiasi. Kolera, ile ya pandemi iliyoanza Asia mwaka 1961, imekaa katika mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1970, na makao yake ni kando ya maziwa yetu. Maji yanayopoza moyo ndiyo yale ambayo mama anachota kwa bidon wakati robine imekauka, na yanaweza kumuua mtoto. Mwaka 1994 Goma, upande mwingine wa ziwa hilihili, kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika majuma machache. Watu wetu wanajua mambo haya mawili pamoja, na hawaoni ajabu: unaogopa maji, na unayapenda.

Sasa tufike mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi. Tarehe 18 Rais alitangaza kufunga masomo, makanisa na mabaa, na tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Kabla mwezi haujaisha, Kivu ya Kusini nayo ilikuwa na wagonjwa wake. Rwanda ilikuwa imefunga mipaka yake tangu tarehe 21, na pale Ruzizi wamama waliozoea kuvuka kila asubuhi na vitunguu, nyanya na maziwa walikuta njia imekufa.

Kwa sisi walimu wa sekondari, jambo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kuliishi. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yalikuwa ya shule za msingi. Sekondari tuliishi kwa prime ya wazazi, na wengi wetu hatukuwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Masomo yakifungwa, hakuna mzazi anayelipa. Mpaka madarasa ya mwisho yarudi tarehe 10 Agosti, ilikuwa karibu miezi mitano. Barabarani watu walisema: « Corona inaua wenye kula, sisi njaa njo itatuua. » Nyumbani watoto wanane katika vyumba viwili, redio inahesabu wafu wa Italia, na baba haongei.

Ndiyo wakati ule watu walianza kushuka. Hakuna aliyeitisha. Kwenye saa kumi na moja ya jioni uliona wanaume peke yao, wanawake wawili wawili, kashene imeshushwa chini ya kidevu, wakielekea chini. Sisi pia tulikuwemo. Pale chini kuko ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga, kisha anajitupa kama jiwe. Tunaweza kumwangalia nusu saa. Giza likiingia, wavuvi wa sambaza wanatoka, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa kwa miti mirefu, wakipiga kasia na kuimba. Samaki wale wadogo si wa zamani hapa: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo mtu anafikiri waliumbwa na Kivu. Taa zao zinajaa ziwani. Wamama wa biashara waliketi wakitazama ng'ambo, taa za Rwanda karibu kabisa, na mpaka umefungwa. Mmoja alituambia: « Mwalimu, hapa naweza kufikiri bila kulia. » Hakusema kwamba deni lake limelipwa. Utulivu haujazi sufuria, na anayehubiri kwamba unajaza hajawahi kukaa bila mshahara.

Wengine walifikiria msitu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, haiko mbali, lakini mwaka ule ilifungiwa watalii juu gorila wanaweza kupata ugonjwa wa mapafu kutoka kwa watu. Sababu ni ya haki. Ila tukumbuke kwamba Batwa, wenye msitu ule, walitolewa humo tangu miaka ya 1970, na kwao mlango haukungoja corona ili ufungwe.

Tukirudi mjini, kikwazo si gorila, ni ukuta. Mji uliopangwa kwa watu wachache leo una zaidi ya milioni moja, na toka vita vya miaka ya 1990 kando ya maji, Nguba, Muhumba na La Botte, kumeota majumba, mahoteli na vyuma vya miiba. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Hata hivyo kuna mahali ambapo ukuta umeingia mpaka ndani ya maji, na ruhusa yake iko na muhuri. Mzungu wa 1930 alitufukuza kwa jina la afya. Huyu wa leo ni ndugu yetu, na anatumia dolari. Na sisi wenyewe tunatupa plastiki mifereji ikazibeba mpaka ziwani, na kutoka hapo zinakwenda kuziba mashine za umeme kule Ruzizi, kisha tunalalamika giza.

Baadaye masomo yalifungwa tena Desemba 2020, yakarudi Februari 2021. Februari 2025 vita viliingia mjini, na watu walishuka tena jioni, wachache zaidi, wakirudi mapema. Kati ya nyua mbili kwenye mtelemko mmoja kunabaki kinjia cha upana wa mtu mmoja mwenye beseni kichwani. Akija mwingine kutoka chini, mmoja anageuka ubavu, anaegemea ukuta, wanasalimiana, wanapitana.