Meza za pool za nyumbani: chumba na jiwe kwanza, urembo baadaye

Meza nyingi za pool zinazovuka Namanga, Mutukula au Rusumo huishia baa. Oda za nyumbani nazo zipo, na ndizo zinazowatia wauzaji hasara kwa urahisi zaidi. Mwenye baa anajua anachotaka: meza ngumu, ya sarafu, ya futi 7. Mteja wa nyumbani huchagua kwa picha. Meza ikifika mlangoni ikakataa kuingia, au ikaingia lakini fimbo ikawa inagonga ukuta, nauli ya kuirudisha inakula faida yote ya safari. Kwa sababu hiyo, muuzaji anayepokea oda ya aina hii huuliza maswali mawili kabla ya rangi ya kitambaa: chumba kina ukubwa gani, na meza iwe ya jiwe au ya mbao?

Futi zinazodanganya

Kuna familia mbili kubwa za meza. Ya Kiingereza ndiyo iliyozoeleka zaidi baa: futi 7, mashimo madogo yenye midomo ya mviringo, mipira ya inchi 2, na kitambaa chenye manyoya mafupi. Ya Kimarekani huwa ya futi 7, 8 au 9, mashimo yake ni mapana na yenye pembe, mipira ni ya inchi 2 na robo (milimita 57), na kitambaa chake ni laini kisicho na manyoya, hivyo mpira hukimbia zaidi. Mipira na fimbo za familia moja hazifai kwa nyingine. Mpira wa Kimarekani kwenye mashimo ya Kiingereza hupita kwa shida, na mchezo unaharibika.

Namba ya futi ni jina tu, si kipimo cha kupakia. Meza ya Kiingereza ya futi 7 ina uwanja wa kuchezea wa sentimita 183 kwa 91. Ya Kimarekani ya futi 8 ina uwanja wa sentimita 224 kwa 112, na ukiongeza kingo zake za mbao inapita futi 8 kwa nje. Ya futi 9 ina uwanja wa sentimita 254 kwa 127.

Hesabu ya chumba ni rahisi. Chukua urefu na upana wa uwanja, kisha ongeza urefu wa fimbo kila upande. Fimbo ya kawaida ya inchi 58 ni kama sentimita 147. Kwa hesabu hiyo, meza ya Kiingereza ya futi 7 inataka chumba cha mita 3.9 kwa 4.8, ya Kimarekani ya futi 8 mita 4.1 kwa 5.2, na ya futi 9 mita 4.3 kwa 5.5. Hapo bado hakuna kabati wala kochi. Sebule ya mita 4 kwa 5, ambayo si ndogo, inapokea meza ya futi 7 peke yake. Mteja aliyekwishaipenda ya futi 8 atasema watabana. Fimbo fupi ya inchi 48 inasaidia kona moja yenye nguzo, lakini kuitumia kuta zote nne ni kumuuzia mtu ugomvi na watoto wake.

Meza ya snuka ya futi 12 haina haja ya kujadiliwa sana. Jiwe lake huja vipande vitano, na anayeitaka nyumbani huwa amejenga chumba kwa ajili yake.

Jiwe au mbao

Hapa ndipo bei inapoachana, na mzigo pia. Kitanda cha meza nzuri ni jiwe la sleti, lile lile la vibao vya kuandikia vya shule za zamani. Huchimbwa Italia, Brazil na China, husagwa likawa tambarare, na halipindi kwa unyevu. Viwango vya Shirikisho la Dunia la Pool vinataka unene usiopungua inchi 1. Meza za baa na za nyumbani mara nyingi huwa na milimita 19, na kwa nyumbani zinatosha.

Uzito wake unajihesabu wenyewe. Mita moja ya ujazo ya sleti ina takriban tani 2.7 hadi 2.8. Kwa uwanja wa futi 7 wenye unene wa milimita 19, jiwe peke yake ni karibu kilo 90. Kwa futi 8 yenye inchi 1 ni kama kilo 170, na kwa futi 9 linapita kilo 200, kabla ya fremu na miguu.

Sokoni kuna pia meza za marumaru, ambazo mafundi wa hapa hupenda kwa sababu mabamba yanapatikana karibu. Bamba likiwa nene na limesagwa vizuri, meza inachezeka. Ila muuzaji asiiite sleti. Mnunuzi akimleta fundi kubadilisha kitambaa, ukweli unaonekana siku hiyo hiyo.

Meza za mbao za kubandikwa, zile za MDF, ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Nairobi au Arusha, ndani ya nyumba kavu, zinaweza kukaa miaka kadhaa. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, tena zikiwekwa barazani, ubao hunywa unyevu, huvimba na kupinda, na hakuna fundi wa kuunyoosha. Kwa mteja wa pwani mwenye bajeti ndogo, meza ya jiwe iliyotumika ni chaguo bora kuliko mpya ya ubao.

Meza zinazogeuka kuwa meza ya chakula zinapendwa na wenye vyumba vidogo. Mchezo wa pool unataka kimo cha sentimita 74 hadi 79, na mfuniko ukiongezwa juu, viti vya kawaida vinakuwa vifupi. Nyingine zina kifaa cha kupanda na kushuka. Kifaa hicho ndicho cha kukagua kwanza.

Meza ya baa kuhamia nyumbani

Meza ya sarafu iliyotumika ina mitego miwili. Kwanza, kifaa cha sarafu kimetengenezwa kwa sarafu ya nchi moja. Kilichozoea shilingi ya Kenya hakifai Tanzania. Kwa nyumbani, fundi akifungue ili mipira itoke bure. Pili, kwenye meza nyingi za Kiingereza mpira mweupe ni mdogo kuliko mingine (inchi 1 na 7/8), maana meza huutambua kwa ukubwa wake na kuurudisha. Ukipotea, ukinunuliwa wa inchi 2, utamezwa pamoja na mingine.

Meza hizi huwa na jiwe la kipande kimoja. Zinabebwa kwa ubavu baada ya kutolewa miguu, na haziwezi kukunja kona ya ngazi ya ghorofa. Kwa nyumba ya juu, meza ya vipande vitatu ndiyo inayopita.

Barabarani na mpakani

Bamba la jiwe husafirishwa likiwa limesimama kwa ubavu kama kioo, limefungwa kwenye fremu, na blanketi katikati ya bamba na bamba. Likilazwa bila kushikiliwa chini, tuta moja linatosha kulipasua. Kasha la mbao kutoka nje liwe na mhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kuwa mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu, la sivyo mzigo unaweza kuzuiwa bandarini.

Kwenye forodha, meza za biliadi na vifaa vyake ziko chini ya namba 9504.20. Kiwango cha ushuru kihakikishwe na wakala kila mwaka wa fedha, kwa sababu gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki hufanya mabadiliko kila Julai. Meza iliyotengenezwa kweli ndani ya nchi mwanachama inaweza kupata cheti cha uasili wa bidhaa na kuvuka bila ushuru huo. Iliyotoka China ikafungwa miguu tu Nairobi au Kampala haipati cheti, kwani kuunganisha vipande hakuhesabiwi kuwa utengenezaji.

Bei ya kumfikishia mteja iwe na fundi ndani yake. Vipande vitatu vya jiwe husawazishwa kwa pimamaji, maungio hujazwa nta, kisha kitambaa huvutwa. Dereva na utingo wake hawawezi kazi hiyo, na mteja wa Kigali hatakubali kulipa salio mpaka mpira utulie pale ulipowekwa.