Filamu za ndoa na usaliti: kutoka Shinyanga hadi vibanda vya machimboni

Katika miaka ya 2000, burudani ya jioni kwenye machimbo ya Kanda ya Ziwa, Nyarugusu ikiwemo, ilikuwa kibanda umiza: jenereta, televisheni moja, mabenchi na umati wa watu waliotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Filamu za mapigano zilikuwa na wateja wake. Zile za Kibongo, zenye ndoa na usaliti, ziliwagusa walioacha wake zao vijijini wakafuata mbio za dhahabu.

Kinara wa filamu hizo za Kibongo alikuwa mtoto wa nyumbani, Kanda ya Ziwa. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga Januari 8, 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, akaanza sekondari Mwadui, kisha akahamia Dar es Salaam na kujiunga na kundi la maigizo la Kaole.

Ndoa ilishaingia kwenye filamu zetu tangu Arusi ya Mariamu, 1985. Lakini ni Girlfriend ya George Tyson, mwaka 2003, iliyoonyesha kwamba filamu ya video inaweza kuuzika. Zikafuata Johari (2006) na Oprah, iliyowakutanisha Kanumba, Vincent Kigosi “Ray” na Irene Uwoya.

Ruzuku haikuwepo. Mtayarishaji alijichangisha, akaazima nyumba, akarekodi kwa siku chache, akauza sehemu ya kwanza na ya pili kila moja kwa bei yake. Ufukara huo ndio uliozifanya sebule na chumba cha kulala kuwa uwanja wa hadithi nzima. Hata hivyo kamera iliishia mlangoni mambo ya faragha yalipoanza, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ilitaka kila filamu ikaguliwe, na kaya nyingi zilitazama pamoja na watoto. Usaliti ulijulikana kwa meseji iliyosomwa na asiyehusika, na kwa mume anayekula kimya. Naona hapo ndipo waigizaji wetu walipoonyesha ufundi wao mkubwa.

Kasoro ipo, na ni nzito: mara nyingi mke aliyechepuka aliadhibiwa vikali, mume mwenye nyumba ndogo akasamehewa kwa machozi machache.

Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28. Kazi imebaki kwenu, watayarishaji wa leo: njooni Nyarugusu mrekodi ndoa za huku, na safari hii mwanamke anayesubiri nyumbani apewe nafasi ya kusema yake.