Elki, Maeneo ya Mawindo na Waongozaji: Historia ya Uwindaji katika Milima ya Wyoming

Mwindaji anayetaka kuwinda elki katika milima ya magharibi mwa Marekani hukabiliwa na maswali mawili kabla hajashika bunduki: awinde eneo lipi, na je, akodi mwongozaji au aingie mlimani kwa ujuzi wake mwenyewe. Maswali hayo huchukuliwa kuwa ya mfuko na ya ustadi, lakini historia ya jimbo la Wyoming inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya majibu yake iliamuliwa na sheria zaidi ya karne moja iliyopita, katika mvutano kuhusu nani mwenye haki ya kuwinda na nani mwenye haki ya kula kwa kuuza ujuzi wake wa ardhi.

Elki, ambaye pia huitwa wapiti, ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na dume lake hufikia kilo 300 na zaidi, likiwa na pembe zenye matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Majira ya joto hukaa juu milimani, na theluji inapoanza kufunika malisho huteremka mabondeni kwa njia zilezile mwaka baada ya mwaka. Mwezi Septemba, wakati wa kupandana, dume hutoa mlio mrefu unaopanda kama filimbi, na mwindaji anayejua kuuiga huweza kulivuta hadi karibu. Kwa hiyo aliyejua njia hizo na milio hiyo alikuwa na mali, na kwa vizazi vingi mali hiyo ilikuwa mikononi mwa Washoshone, Wabannock na Wacrow, ambao ni miongoni mwa wenyeji asilia wa milima hiyo.

Wageni wa kwanza waliokuja kuwinda kwa starehe walikuwa watu wenye uwezo, na kwa kawaida walikodi kiongozi. Mwaka 1854 kabaila wa Uingereza na Ireland, Sir George Gore, alianza msafara mkubwa wa mawindo uliomtumia Jim Bridger, mtega wanyama aliyeifahamu milima hiyo kuliko karibu mzungu mwingine yeyote, na miaka 20 baadaye Earl wa Dunraven aliongozwa katika nchi ya Yellowstone na Texas Jack Omohundro. Theodore Roosevelt naye aliwinda elki huko Two Ocean Pass mwaka 1891 akiwa na mwongozaji Tazewell Woody, na aliposhuka Mombasa mwaka 1909, baada ya kumaliza urais, alifuata desturi hiyohiyo kwa kuwategemea R. J. Cuninghame na Leslie Tarlton. Katika mabara yote mawili mwindaji alisifiwa kwa shabaha, ilhali kazi ya kumtafuta mnyama ilikuwa imefanywa na mwingine.

Biashara hiyo ilipata makao katika bonde la Jackson Hole, ambako walowezi walianza kuishi mwaka 1884. Baridi ya huko ni ndefu na kilimo chake ni cha shida, hivyo fedha za mgeni mmoja wa mawindo zilikuwa na uzito mkubwa katika nyumba ya mlowezi. Jiografia pia iliwasaidia, kwa sababu uwindaji ulipigwa marufuku ndani ya Hifadhi ya Yellowstone mwaka 1883, na makundi ya elki yaliyotoka humo wakati wa vuli yalipita karibu na milango yao. Huo ndio mwanzo wa kanuni ambayo wawindaji wanaifuata hadi leo, kwamba eneo zuri ni lile linalopakana na mahali ambapo mnyama haruhusiwi kuguswa.

Tatizo lilikuwa kwamba Wabannock nao walikuwa na haki hapo. Mkataba wa Fort Bridger wa mwaka 1868 uliwaruhusu kuwinda katika ardhi ya serikali isiyokaliwa na watu, maadamu mnyama wa kuwinda angalipo. Mwezi Julai 1895 konstebo wa Jackson Hole na raia wenye silaha waliwakamata Wabannock waliokuwa wakiwinda na familia zao, na mateka walipojaribu kukimbia wakafyatuliwa risasi, mzee mmoja akauawa. Ofisi ya serikali kuu iliyosimamia mambo ya wenyeji asilia ililieleza tukio hilo kuwa jambo lililopangwa ili Wabannock wafukuzwe katika bonde hilo. Kesi ya majaribio ilifunguliwa baadaye dhidi ya Mbannock aliyeitwa Race Horse kwa kuua elki saba, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba Wyoming ilipopewa hadhi ya jimbo mwaka 1890, haki hiyo ya mkataba ilikoma. Walowezi walitetea msimamo wao kwa jina la kuhifadhi wanyama, na huenda baadhi yao waliamini hivyo kwa dhati, lakini hifadhi hiyo haikuwazuia wateja wao kuua.

Wala elki hakusalimika. Majangili walimuua kwa ajili ya meno yake mawili tu ya juu, yaliyovaliwa kama pambo na wanachama wa chama cha udugu kilichobeba jina la mnyama huyo. Wengine walikufa kwa njaa wakati wa baridi kali, kwa kuwa mashamba yalikuwa yamechukua malisho yao ya mabondeni. Picha za mizoga zilizopigwa na Stephen Leek, ambaye mwenyewe alikuwa mfugaji na mwongozaji, zilichangia kuundwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Elki karibu na mji wa Jackson mwaka 1912.

Mfumo wa sasa umejengwa juu ya historia hiyo. Jimbo limegawanywa katika maeneo ya mawindo yenye namba, na leseni za maeneo mengi hutolewa kwa bahati nasibu, huku wasio wakazi wakitengewa sehemu ndogo na wakijilimbikizia pointi mwaka hadi mwaka ili wapate nafasi katika maeneo bora. Msomaji wa Tanzania asilinganishe jambo hili moja kwa moja na vitalu vya uwindaji, kwa maana kitalu hugawiwa kampuni, na mtalii huwinda humo akiwa na mwindaji bingwa, ilhali eneo la Wyoming ni mpaka wa kiutawala tu ambamo mwenye leseni anaweza kuingia peke yake. Isipokuwa mahali pamoja: katika nyika zilizolindwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1964, ambamo barabara na magari haviruhusiwi, Wyoming humlazimisha asiye mkazi anayewinda wanyama wakubwa kuwa na mwongozaji mwenye leseni au mkazi wa jimbo aliyepewa kibali maalumu.

Watetezi wa sheria hiyo hutaja usalama, lakini hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa mgeni huyohuyo anaruhusiwa kupanda milima hiyo, kuvua samaki na kulala humo bila kuongozwa na mtu. Sheria inalinda kipato, sawa na ilivyokusudiwa Jackson Hole mwaka 1895. Hata hivyo thamani ya mwongozaji si ya kubuni, ingawa huonekana zaidi baada ya risasi kuliko kabla yake. Elki aliyeangushwa kilomita 15 kutoka barabarani hukatwa vipande vikubwa, na robo moja ya nyuma yaweza kuzidi kilo 25, tena nyama hiyo isipopozwa na kuondolewa mapema huharibika au huvutia dubu. Mwongozaji huja na nyumbu wenye matandiko ya mizigo, hulinganisha uzito wa pande mbili ili tandiko lisipinduke, kisha hufunga mzigo kwa kamba inayopishana juu yake kwa umbo la almasi. Mwindaji asiye na nyumbu wala wenzake wa kubeba ana sababu nzuri ya kuchagua eneo lililo karibu na barabara, hata kama elki wa huko ni wachache.

Ile hukumu ya mwaka 1896 nayo ilisimama kwa zaidi ya karne. Mwezi Januari 2014 Clayvin Herrera, wa kabila la Wacrow, alifuata elki kutoka ardhi ya kabila lake katika jimbo la Montana hadi Msitu wa Taifa wa Bighorn upande wa Wyoming, akashtakiwa kwa kuwinda nje ya msimu na kutozwa faini. Tarehe 20 Mei 2019 Mahakama Kuu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa mantiki ya kesi ya Race Horse na kuamua kwamba kuzaliwa kwa jimbo la Wyoming hakukufuta haki ya kuwinda ambayo Wacrow waliahidiwa kwa mkataba mwaka 1868.