Historia ya Lubugo, Nguo ya Gome la Mti

Mwaka jana familia yetu ilikuwa ikijiandaa kuanua matanga ya babu yangu, mzazi wa baba. Kwetu Buganda shughuli hiyo huitwa okwabya olumbe, na katika siku hiyo mrithi huoneshwa mbele ya ukoo akiwa amevikwa lubugo, yaani nguo inayotengenezwa kwa gome la mti. Mrithi aliyechaguliwa alikuwa kaka yangu mkubwa. Yeye akasema wazi kwamba hatavaa lubugo, kwa sababu kanisani kwake wamefundishwa kuwa hiyo ni nguo ya mizimu. Baba alikasirika, mama akanyamaza. Mimi nilitumwa Buddu, upande wa Masaka, nikaichukue nguo hiyo kwa ndugu zetu ambao sikuwahi kuwaona.

Udugu wenyewe ni wa mbali. Baba wa babu yangu na baba wa mzee niliyemfuata walikuwa watoto wa mtu mmoja. Sisi ni wa ukoo wa Ngonge, yaani fisimaji, na ukoo huu ndio wenye jukumu la kutengeneza nguo za magome kwa ajili ya Kabaka. Mkuu wa mafundi hao huitwa Kaboggoza, na cheo chake ni cha kurithi. Kuna jambo moja la lugha ambalo wengi wetu tuliokulia Kampala hatulifikirii. Ukoo wa Kiganda hugawanyika katika matawi, na tawi mojawapo linaitwa mutuba. Mti unaotoa gome la lubugo nao unaitwa mutuba. Basi nilikwenda kwa watu wa mutuba wangu kutafuta gome la mutuba.

Nilifika Ijumaa jioni, nikapiga magoti kuwasalimu wazee kama inavyotakiwa. Mzee aliniuliza jina la baba, la babu, la baba wa babu. Nilipokwama kwenye la nne alinitajia yeye, kisha akaagiza niletewe chakula.

Jumamosi asubuhi tuliingia shambani. Mituba ilikuwa imesimama katikati ya migomba na mibuni, maana kivuli chake hakidhuru mimea hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha, na huo ndio wakati wa kuvuna, kwani gome huwa na maji na hubanduka vizuri. Mzee alikwangua ngozi ya juu ya shina, akakata duara juu na duara chini, akapasua kwa urefu, kisha akalibandua gome taratibu kwa kipande cha mgomba kilichochongwa ncha. Chuma kingeujeruhi mti. Mara tu gome lilipotoka, shina lililobaki uchi lilifungwa majani ya mgomba kama mtoto anavyofungwa nepi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mti mmoja unaweza kuvunwa mwaka baada ya mwaka: haukatwi, unauguzwa.

Gome lilipitishwa kwenye moto ili lilainike, halafu likapelekwa kwenye banda lililo wazi pande zote lakini lenye kivuli, lisije likakauka haraka. Mle ndani kuna gogo refu lililolala chini, na juu yake ndipo gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji. Nyundo ya kwanza ina mifereji mipana, ya mwisho ina mifereji myembamba sana. Nyundo za mzee zilikuwa za baba yake. Mipini imelika mahali pa vidole. Kazi hii tangu zamani ni ya wanaume na hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, lakini mjukuu wake sasa anaendesha bodaboda mjini Masaka. Mzee alinipa nyundo moja. Nilipiga kwa muda mfupi tu mkono ukafa ganzi, naye akacheka, “Mjukuu wangu, mkono wako umezoea kalamu.” Kufikia jioni ukanda ule mwembamba ulikuwa umepanuka mara kadhaa, na ulipoanikwa juani ukaanza kugeuka kutoka rangi ya maziwa yaliyochacha kuwa wekundu wa udongo wa tofali.

Usiku niliwaza maneno ya kaka yangu. Je, ni kweli kwamba lubugo ni nguo ya mizimu? Historia haisemi hivyo.

Buddu haikuwa sehemu ya Buganda tangu mwanzo. Iliongezwa katika karne ya 18 na Kabaka Jjunju, na Waganda wakapata pamoja nayo mafundi waliosifika kwa nguo laini za magome. Aliyemfuata Jjunju ni ndugu yake Semakookiro, na masimulizi ya Buganda yanamtaja yeye kuwa ndiye aliyeamuru watu wote wapande mituba na kuvaa lubugo. Tangu hapo ikawa nguo ya kila mtu na ya kila siku. Ilivaliwa na wanaume na wanawake, ikatandikwa kitandani, ikawa pazia, ikafungia mizigo, ikatolewa kama kodi kwa mfalme. Nguo ya mkulima na ya mganga ilikuwa ile ile, ingawa wakuu walivaa za rangi nyeupe au nyeusi.

Kisha katikati ya karne ya 19, wakati wa Kabaka Ssuuna wa Pili, misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika kutoka pwani kwa kupitia Tabora na Karagwe. Walileta pamba, hasa ile merikani iliyopewa jina la nchi ilikotoka, wakachukua pembe za ndovu na watumwa. Speke, aliyefika kwa Muteesa wa Kwanza mwaka 1862, aliiandika lubugo kama mbugu. Watu wa ikulu walianza kuvaa pamba, na raia wakawafuata baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walihimiza kilimo cha pamba, mkulima akaiuza ili alipe kodi, na chenji akanunua kitambaa.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye jibu. Pamba ilipochukua kazi zote za kila siku, lubugo ilibakiwa na kazi ambazo watu hawakuthubutu kuzibadilisha, yaani kuzika, kurithi, kutambika na kumtawaza Kabaka. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo aliiona msibani na kwa waganga tu, akadhani ndiko ilikozaliwa.

Hata hivyo ilirudi barabarani mara moja. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimhamishia Uingereza Kabaka Mutesa wa Pili. Waganda wengi, Wakristo kwa Waislamu, walivaa lubugo kuonesha kwamba wamefiwa na mfalme aliye hai. Hakuna aliyeuliza kama ni ya mizimu. Kabaka alirudi Oktoba 1955. Falme zilifutwa mwaka 1967 zikarejeshwa mwaka 1993, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii ya mikono kuwa miongoni mwa turathi za binadamu. Mzee wangu alikuwa amesikia habari ya UNESCO redioni. Aliniuliza kama watampatia kijana wa kushika nyundo.

Jumapili alinikunjia nguo, akaziba tundu mbili kwa uzi, akakataa pesa ya mauzo lakini akapokea sukari na sabuni. Katika basi ilinuka moshi na mvua, na abiria aliyekaa kando yangu akaniuliza nimefiwa na nani.

Nyumbani nilimweleza kaka yangu haya yote. Alisikiliza, akasema atasali. Siku ya shughuli alikuja na suti ya kijivu. Mzee kutoka Buddu, aliyesafiri usiku kucha, akamfunga lubugo begani juu ya koti, na kaka akainama kidogo ili mzee afikie.