Ganda la korosho nalo ni mali

Mkulima wa Newala au Masasi anapouza korosho ghafi, huuza vitu viwili kwa bei ya kimoja. Cha kwanza ni kiini kinacholiwa. Cha pili ni mafuta ya ganda, yale yanayobabua mikono ya wabanguaji.

Mafuta hayo ni karibu robo ya uzito wa ganda. Yakipashwa moto, asidi iliyomo hutoa hewa ya kaboni, ikabaki kemikali iitwayo kardanoli. Kardanoli ina mkia mrefu unaofukuza maji. Ndiyo maana hutumika katika rangi za kukinga chuma na kutu, hasa za meli, kwani hukauka hata penye baridi na unyevu.

Wazo hilo ni la zamani. Mabaharia wa pwani yetu walipaka majahazi sifa, yaani mafuta ya papa, na wavuvi wa kusini mwa India walipaka mitumbwi mafuta ya ganda la korosho. Katika miaka ya 1920 na 1930, Mmarekani Mortimer Harvey aliyachunguza mafuta hayo, yakaingia viwandani hadi kwenye breki za magari.

Je, sisi tulikuwa wapi? Wareno walileta mkorosho kutoka Brazil katika karne ya 16. Ulipogeuka zao la biashara huku kusini, korosho zilipelekwa India kubanguliwa, pamoja na maganda yake. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 hivi. Serikali ikakopa Benki ya Dunia, ikajenga viwanda, vikiwemo vya Masasi na Newala. Lakini watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei ikamvunja moyo mkulima, ugonjwa wa ubwiri unga nao ukaingia. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Mashine zilikuwepo, korosho hazikuwepo.

Leo mavuno yamepanda tena, lakini sehemu kubwa bado inasafirishwa ghafi. Huenda meli inayotia nanga Mtwara imepakwa rangi iliyotokana na ganda la korosho zetu, nasi rangi hiyo tunainunua kwa fedha za kigeni.

Basi, kila mpango wa kiwanda cha kubangua upige hesabu ya kiini na ya ganda pia, na mkulima aambiwe bei ya vyote viwili. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.