RANGI IDUMUYO: FUNZO LA KUTA ZA MIKINDANI

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka sikukuu zinapokaribia, nalo ni rangi ya ukuta. Kila Idi na kila Krismasi watu hununua makopo, hupaka nyumba zao, na mtaa mzima hung'aa. Baada ya miaka miwili mitatu, ukiegemea ukuta huo shati lako hujaa unga. Nyekundu imekuwa waridi, na kijani imekuwa kijivu. Nani ameila rangi hiyo? Ni fundi, ni mwenye duka, au ni jua?

Rangi ya kopo ina vitu vitatu vikubwa: unga wenye rangi, gundi ya kuushikilia unga huo ukutani, na maji au mafuta ya kuvichanganya. Jua letu la pwani lina mionzi isiyoonekana kwa macho, na mionzi hiyo huikata ile gundi kidogo kidogo. Gundi ikikatika, unga hubaki bila mshikaji. Huo ndio unaouona kwenye shati lako. Tena zipo rangi ambazo unga wenyewe hufa kwa jua, hasa baadhi ya zile zinazotokana na mafuta ya petroli.

Sasa twende Mikindani, kilometa 10 hivi kutoka Mtwara mjini. Huu ni mji wa kale. Machi 1866, David Livingstone, baada ya kushindwa kushusha ngamia wake katika mikoko ya mdomo wa Ruvuma, alikuja kushukia katika ghuba hiyo na kuanzia hapo safari yake ya mwisho. Wajerumani nao wakajenga Boma lao hapo mwaka 1895. Boma hilo, pamoja na nyumba za wafanyabiashara wa zamani, lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Chokaa hiyo ilipatikanaje? Matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo yakachomwa kwa moto mkali mpaka hewa ya ukaa ikawatoka. Yakimwagiwa maji, huchemka yenyewe na kuwa unga laini. Unga huo ukikorogwa na kupakwa ukutani, huivuta tena ile hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukuta wa chokaa hauna gundi ya kukatwa na jua. Rangi yake imefungwa ndani ya jiwe lenyewe.

Lakini si kila rangi hukubaliana na chokaa, kwa maana chokaa ni kali. Buluu ya Prussia, kwa mfano, huharibika na kugeuka kahawia. Zinazodumu ni rangi za udongo, yaani nyekundu na manjano zitokanazo na kutu ya chuma. Kutu ni chuma kilichokwisha kuliwa na hewa, na jua halina la kuongeza. Nyingine ni ile buluu ya kufulia nguo. Zamani buluu hiyo ilisagwa kutoka katika jiwe la thamani la Afghanistan. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipewa tuzo kwa kupata njia ya kuitengeneza kiwandani, na kitu cha wafalme kikawa cha kila mtu.

Mtwara mjini ni habari nyingine. Mji huo ulipangwa upya wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, na reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Karanga hazikustawi, ila mji ulibaki, nao ni mji wa saruji. Ukuta wa saruji hauna ugomvi na rangi ya kopo, mradi mnunuzi achague yenye gundi ya akriliki, ambayo hustahimili jua kuliko gundi za bei poa.

Matatizo huanza tunapoichukua dawa ya Mtwara tukaipeleka Mikindani. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka baharini, kisha huutoa unyevu huo kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji na kuufunika kwa rangi ya mafuta, umeuziba pumzi. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya, lipu hubanduka na kuondoka na vipande vya jiwe. Kwa nje nyumba inapendeza, kumbe ndani inaoza. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Je, turudi kuchoma matumbawe? Hapana, nami nasema hapana kwa sauti kubwa. Tumbawe ni kiumbe hai na nyumba ya samaki. Baadhi ya aina zake hukua sentimeta 1 hivi tu kwa mwaka. Mawe yaliyochimbwa baharini kwa ajili ya matanuri ya chokaa yalimnyang'anya mvuvi kitoweo chake cha kesho. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za bahari, na mwaka 2000 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilometa za mraba 650 hivi.

Tena hakuna haja ya kuigusa bahari. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichoanza uzalishaji Mtwara mwaka 2015, kinatumia mawe ya chokaa ya nchi kavu. Kama mawe hayo yanatosha kwa saruji ya kupeleka mikoa mingine, hayawezi kukosekana ya kupaka nyumba chache za Mikindani.

Kinachoweza kukosekana ni fundi. Kijana wa leo anajua kufungua kopo, lakini kuzima chokaa na kuipaka tabaka baada ya tabaka hajafundishwa. Vyuo vyetu vya ufundi vimfundishe sasa, wakati wazee wanaoijua kazi hiyo bado wapo. Nyumba ikianguka kifusi kitazolewa, lakini fundi akizikwa na ujuzi wake hatuna pa kuuchimbua.