Voyager: Sauti ya wati 23 kutoka nje ya himaya ya Jua

Mwaka 1965, mwanafunzi Mmarekani aitwaye Gary Flandro alipata kibarua cha majira ya joto katika maabara ya JPL, California. Kazi yake ilikuwa kutafuta njia ya kuzifikia sayari za mbali. Alipochora mahali zitakapokuwa miaka ijayo, akagundua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni zingejipanga upande mmoja wa Jua, kiasi cha chombo kimoja kuweza kuzipitia zote nne. Nafasi hiyo hutokea mara moja tu katika miaka 176 hivi.

Mpangilio huo ulikuwa na thamani kwa sababu roketi za wakati ule zilikuwa dhaifu mno kwa safari hiyo. Kwenda Neptuni moja kwa moja kungechukua karibu miaka 30. Lakini tangu 1961 Michael Minovitch, mwanafunzi mwingine aliyefanya kazi JPL, alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba chombo kikipita karibu na sayari kinaweza kuchota sehemu ya mwendo wake. Ni kama mtoto anayedaka mkono wa kaka yake anayekimbia, akazungushwa na kuachiwa: huondoka kwa kasi kubwa kuliko aliyokuja nayo. Mafuta hayahitajiki.

Fedha hazikutosha kwa ndoto nzima. Serikali ya Marekani iliidhinisha safari ya Mshtarii na Zohali tu, ya miaka mitano. Wahandisi wakaunda vyombo viwili vyenye uwezo wa kwenda mbali zaidi. Voyager 2 iliruka kutoka Cape Canaveral, Florida, tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 ikafuata tarehe 5 Septemba. Kompyuta zote za kila chombo kwa pamoja zilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti zisizofika 70. Picha moja ya simu ya leo isingeenea humo.

Matatizo yalianza hata kabla ya kuruka. Chombo kilichotangulia, Pioneer 10, kilichopita Mshtarii Desemba 1973, kilikuta mionzi mikali kuliko ilivyotarajiwa, ya kuweza kuua mitambo. Vifaa vya Voyager vikaimarishwa upya, na baadhi ya nyaya zikavikwa foili ya alumini, ile ile ya jikoni. Kisha Aprili 1978 kipokezi kikuu cha Voyager 2 kikafa, na cha akiba kikawa na hitilafu: hakiwezi tena kufuata masafa yanapobadilika. Tangu hapo, kila amri inayotumwa huko lazima ikokotolewe kwanza ili ifike katika masafa finyu ambayo chombo bado kinayasikia.

Hata hivyo vyombo vyote viwili vilifika Mshtarii 1979, na Zohali 1980 na 1981. Voyager 2 ikaendelea hadi Uranus mwaka 1986 na Neptuni 1989, miaka 12 baada ya kuondoka. Zaidi ya hapo hapakuwa na sayari ya kutembelea. Palibaki mpaka.

Jua hupuliza upepo wa chembe zenye chaji ya umeme, nao hutengeneza kiputo kikubwa kinachozifunika sayari zote. Nje ya kiputo hicho ndiko anga la kati ya nyota linakoanza. Lakini mpaka huo hauonekani kwa macho, na kifaa cha Voyager 1 cha kupima chembe hizo kilikuwa kimeharibika tangu 1980. Aliyetegua kitendawili ni Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa pamoja na wenzake, kwa kutumia antena zinazonasa mitetemo ya umeme. Machi 2012 Jua lililipuka. Wimbi la mlipuko likasafiri zaidi ya mwaka, na Aprili 2013 likatikisa gesi inayoizunguka Voyager 1. Mtetemo wake ulionyesha gesi nzito zaidi ya mara 40 kuliko ile ya ndani ya kiputo. Walipopiga hesabu kurudi nyuma, wakapata siku ya kuvuka: 25 Agosti 2012. Chombo kilikuwa umbali wa kilomita bilioni 18. Voyager 2, ambayo kifaa chake cha chembe kilikuwa kizima, ilivuka tarehe 5 Novemba 2018.

Kufika huko ni jambo moja. Kusikika kutoka huko ni jingine. Voyager hurusha mawimbi kwa nguvu ya wati 23 hivi, sawa na balbu ya jokofu. Mawimbi ya Voyager 1 husafiri kwa saa zaidi ya 23 kabla ya kudakwa na madishi makubwa ya California, Hispania na Australia, na taarifa hufika kwa kasi ya biti 160 tu kwa sekunde. Kwa kuwa Neptuni iliisukuma Voyager 2 kuelekea kusini, dishi moja tu, lile la mita 70 karibu na Canberra, ndilo linaloweza kuitumia amri. Julai 2023 amri yenye kosa iligeuza antena ya Voyager 2 kwa nyuzi mbili, ikatosha kuikatia Dunia mawasiliano. Canberra ikapaza sauti kwa nguvu zake zote, na tarehe 4 Agosti chombo kikaitika.

Miezi mitatu baadaye Voyager 1 ikaanza kubwabwaja: mawimbi yalifika, lakini hayakuwa na maana. Kila jaribio la wahandisi lilisubiri karibu siku mbili kujibiwa. Hatimaye waligundua kwamba chipu moja ya kumbukumbu ilikuwa imekufa. Hawakuweza kuibadilisha, wala hapakuwa na sehemu moja iliyobaki yenye nafasi ya kutosha msimbo wote uliopotea. Wakaukatakata, wakatawanya vipande katika nafasi zilizobaki, kisha wakaviunganisha vifanye kazi kama kitu kimoja. Tarehe 20 Aprili 2024 chombo kikasema tena maneno yanayoeleweka.

Adui asiyetibika ni umeme. Huko Jua ni hafifu mno kwa paneli za sola, hivyo Voyager hutumia joto la plutoni, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 88 hivi. Wati 470 za mwaka 1977 zimekuwa zikipungua kwa takriban nne kila mwaka. Kama kaya inayohesabu yuniti za mwisho za luku, wahandisi wamezima hita, kisha vifaa vya sayansi kimoja baada ya kingine. Septemba 2024 walizima kifaa cha chembe cha Voyager 2, kile kile kilichoshuhudia mpaka ukivukwa.

Vyombo vitakaponyamaza, havitasimama. Kwa kasi ya kilomita 17 kwa sekunde, Voyager 1 itachukua miaka 40,000 hivi kuipita nyota Gliese 445 kwa umbali wa miaka-nuru 1.6. Ubavuni imebeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyoandaliwa na jopo la Carl Sagan, pamoja na sindano ya kuichezea. Kiswahili hakimo katika lugha zake 55 za salamu, lakini Kiganda kimo, na Kinyanja pia. Umo vilevile wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, uliorekodiwa katika msitu wa Ituri, Kongo. Sauti hizo zimechorwa kwenye metali, wala hazidai hata wati moja ili kuendelea kuwepo.